Antena ya ndani Pipeline: nguvu 90, ubora 20, picha inakatika. Nirekebishe wapi?

MpangajiPipeline

Habari zenu wakuu. Nyumba iko Pipeline, Embakasi, Nairobi, ghorofa ya pili katika jengo la ghorofa saba. Mwenye nyumba hataki antena juu ya paa wala waya unaoning'inia ukutani kwa nje, kwa hivyo imebaki antena ya ndani tu. Vifaa ni hivi:

- TV ya inchi 32, boksi lake limeandikwa DVB-T2 (mfumo wa runinga ya dijitali unaotumika Kenya). Sina king'amuzi.
- Antena bapa nyeusi ya kubandika ukutani, ina busta (kikuza mawimbi) ya kuchomekwa USB na waya mwembamba wa mita 5.
- Antena imebandikwa nyuma ya TV.

KBC inashika muda mwingi. Citizen, NTV na KTN zinakatika vipande vipande, sauti inaruka, na kuanzia saa moja usiku zinapotea kabisa. Kwenye menyu, mstari wa Strength unasoma 90 lakini Quality inacheza kati ya 15 na 30. Ikiwa nguvu ni 90, mbona picha haikai? Muuzaji anashauri antena yenye busta kubwa zaidi. Madirisha yote yana grili. La sebuleni linatazama ukuta wa jirani, mita tatu hivi. Jikoni kuna kibaraza cha kuanikia nguo. Nianzie wapi kabla sijatoa pesa tena?

---

FundiMasafa

Ndugu, usinunue busta. Namba zako zenyewe zinaonyesha kwamba busta huenda ndiyo sehemu ya tatizo.

Strength ni jumla ya nishati yote inayoingia kwenye TV: mawimbi ya stesheni, kelele za vifaa vya umeme, minara ya simu, kila kitu. Quality ndiyo inayoeleza ni kiasi gani cha nishati hiyo ni mawimbi safi ambayo TV inaweza kuyasoma. Nguvu 90 na ubora 20 maana yake TV inapokea mengi ila machafu. Ukiongeza busta unakuza uchafu pamoja na mawimbi, na uwiano kati yao unabaki palepale au unazidi kuharibika. Kwa hivyo kuanzia sasa sahau Strength. Tazama Quality peke yake.

Jambo la pili ni tabia ya dijitali. Zamani mawimbi yakipungua ulipata chenga, ila bado ungeona mpira. Tangu analojia ilipozimwa mwaka 2015 hakuna kati na kati: juu ya kiwango fulani picha ni safi kabisa, chini yake kidogo tu inakatika, chini zaidi skrini nyeusi. Wewe uko pembezoni mwa hicho kiwango, na ndiyo maana jambo dogo kama mtu kupita mbele ya antena linaangusha picha. Lengo lako lisiwe picha kuonekana tu. Tafuta mahali ambapo Quality inabaki na akiba, tuseme 60 na kuendelea kwenye TV nyingi, ili usiku mambo yakibadilika usianguke.

Sasa fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Kwanza toa antena nyuma ya TV. Hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote ndani ya nyumba. TV ina bamba la chuma mgongoni, na saketi zake za umeme na za HDMI zinatoa kelele ndani ya masafa yaleyale ya UHF, yanayobeba runinga. Isogeze angalau mita moja na nusu, na iwe mbali pia na ruta ya WiFi, chaja za simu na balbu za LED za bei ya chini.

Pili chomoa USB ya busta, kisha usome Quality. Baadhi ya antena za aina hii hazipitishi kitu busta ikikosa umeme, hivyo ukiona sifuri kabisa usishtuke. Ikiwa kuna kipande kidogo cha busta kilichofungwa kwa skrubu katikati ya waya, kitoe kabisa na uunganishe waya moja kwa moja. Ikiwa imejengwa ndani ya antena haitoki, na hapo ni afadhali kutafuta antena ya kawaida isiyo na busta ili ulinganishe.

Tatu, mwelekeo. Mitambo mikuu ya runinga inayohudumia Nairobi iko Limuru. Kutoka Pipeline ni kama kilomita 35 kwa mstari ulionyooka, kaskazini magharibi. Tumia dira ya simu: tafuta nyuzi 305 hadi 315, huo mstari unapita karibu na Parklands. Simama mbali na grili unaposoma dira, kwani chuma kinaipotosha. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na Embakasi iko kwenye 1,600 na ushei, kwa hivyo mawimbi yanateremka kuja kwako. Umbali si tatizo lako. Tatizo ni majengo yaliyosimama katikati, na kuta zako mwenyewe. Ukuta mmoja wa mawe ya Ndarugo au wa zege unaweza kula sehemu kubwa ya mawimbi, na kila ukuta unaofuata unakula tena.

Nne, na hapa ndipo kazi ilipo: mahali. Urefu wa wimbi katika masafa haya ni kati ya sentimita 43 na 63. Ndani ya chumba mawimbi yanagonga kuta na kurudi, kwa hivyo kuna sehemu yanaungana yakawa na nguvu na sehemu yanauana. Kutoka sehemu nzuri hadi mbaya inaweza kuwa sentimita 15 tu. Mtu anajaribu ukutani, anahamia kona nyingine, anakata tamaa, kumbe alipita sehemu nzuri. Shika antena kwa mkono kwenye ukingo, isogeze sentimita 10, ngoja sekunde tano kwa sababu mstari wa Quality unachelewa kujirekebisha, soma, sogeza tena. Anza juu karibu na dari ushuke. Kisha urudie njia ileile antena ikiwa imegeuzwa nyuzi 90, yaani iliyolala isimame. Tazama antena za nje kwenye mapaa ya mtaa: vijiti vyao vikiwa vimelala, mawimbi nayo yamelala, na yako ifuate hivyo. Ila ndani ya nyumba, kwa ajili ya mawimbi yaliyogonga kuta, wakati mwingine mlalo tofauti hushinda, ndiyo maana unajaribu yote mawili.

Usitumie skani ya jumla kwa kazi hii. Inachukua dakika nyingi na haikuonyeshi kitu hadi iishe. Ingia kwenye skani ya mkono, weka namba ya chaneli ya UHF inayobeba stesheni unayohangaika nayo, uiache hapo mstari wa Quality ukiwa wazi. Kama TV inataka masafa kwa megahezi badala ya namba, hesabu ni hii: chukua namba ya chaneli, toa 21, zidisha kwa 8, ongeza 474. Chaneli 30 inakuwa 546. Namba yenyewe utaiona ukifungua stesheni hiyo na kubonyeza kitufe cha habari kwenye rimoti, au kwenye ukurasa wa Signal Information.

Mahali pakipatikana, bandika, halafu ndipo ufanye skani ya jumla mara moja.

---

WayaWaShaba

Niongeze kuhusu stesheni kukosekana kwa makundi, kwa sababu hili linachanganya wengi.

Stesheni za dijitali hazirushwi moja moja. Zinafungwa kadhaa pamoja katika chaneli moja ya UHF, zote zinapanda au kuanguka pamoja. Signet, ambayo ni ya KBC, ina makundi yake. ADN, iliyoanzishwa na Royal Media, Nation na Standard, wenye Citizen, NTV na KTN, ina yake. Kwa hivyo KBC ikishika na Citizen, NTV na KTN zikianguka kwa wakati mmoja, usidhani TV inabagua stesheni. Unakosa kundi moja zima, lililo kwenye masafa tofauti. Mahali panapofaa chaneli moja ya UHF huenda pasifae nyingine, kwa sababu urefu wa wimbi umebadilika. Ukipata mahali pazuri kwa Citizen, rudi ukague KBC kabla ya kubandika. Mara nyingi utatafuta mahali pa suluhu, pale ambapo hakuna kundi lililo bora kabisa ila yote yako juu ya kiwango.

Skani itakuletea pia stesheni zenye alama ya dola au kufuli. Hizo ni za kulipia, GOtv na StarTimes, ambazo nazo zinarusha kwa DVB-T2 hewani. TV inaziona lakini haina ufunguo. Si hitilafu. Kwenye menyu ya skani kuna chaguo la Free au FTA, yaani stesheni za bure tu, liwashe, orodha itabaki safi.

Na kwa wengine wanaosoma hapa kabla ya kununua: neno "digital" kwenye boksi halitoshi. Kenya ilianza majaribio ya dijitali Desemba 2009 kwa DVB-T, kisha ikahamia DVB-T2. TV yenye DVB-T pekee haisomi kitu. DVB-S2 ni ya dishi la setilaiti, haihusiani na antena hii. TV zilizoletwa kutoka Marekani zina ATSC na za Japani zina ISDB-T, nazo hazifai bila king'amuzi. Ukinunua king'amuzi, hakikisha kimeandikwa DVB-T2 na MPEG-4 (namna picha inavyobanwa), na kiwe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Ukifungua mipangilio ya TV mara ya kwanza, chagua Antenna au Air, usichague Cable. Nchi weka Kenya. Kama haimo, weka Ujerumani, kwani nafasi za megahezi 8 kwenye UHF zinalingana. Ukiweka Marekani, skani itapita mahali pasipo na kitu.

---

Sauti_ya_Umoja

FundiMasafa nakuheshimu, lakini kusema busta haifai si sahihi kwa kila mtu. Hapa Umoja kuna nyumba ambazo bila busta hazishiki hata stesheni moja. Muuzaji huenda hakukosea.

---

FundiMasafa

Sauti_ya_Umoja, hoja yako ni halali, na inahitaji kuwekwa vizuri. Busta ina kazi moja tu ya haki: kufidia hasara inayotokea *baada ya* antena. Haiwezi kurudisha kile ambacho antena haikukipata.

Chukua waya. RG-6, ule mnene wa ohmu 75, hupoteza takriban desibeli 1.5 (kipimo cha kupanda na kushuka kwa mawimbi) kwa mita 10 katika masafa haya. Ule uzi mwembamba unaokuja na antena bapa unaweza kupoteza desibeli 2 hadi 4 kwa mita 5 tu, na desibeli 3 ni nusu ya mawimbi yako. Kigawanyaji cha TV mbili kinakula karibu desibeli 4 tena. Mtu mwenye antena ya paa, waya wa mita 25 na TV mbili anahitaji busta, na inapaswa kukaa karibu na antena, mwanzoni mwa waya. Ikikaa nyuma ya TV inakuza mawimbi ambayo tayari yamezama kwenye kelele. Hiyo huenda ndiyo hali ya nyumba unazozizungumzia.

Ndugu wa Pipeline ana waya wa mita 5 na TV moja. Hasara yake ni ya huo waya mwembamba tu, na dawa yake ni kuweka RG-6, si busta. Alicho nacho ni busta ya masafa mapana, yaani inafungua mlango kwa kila kitu, pamoja na 4G inayorushwa kwenye megahezi 800. UHF ya runinga inaishia 694, kwa hivyo ni jirani wa karibu mno. Pipeline imejaa minara ya simu juu ya majengo. Busta ikipokea mawimbi makali ya mnara ulio mita 100, inajaa, inaanza kupotosha kila kinachopita, na Quality inaporomoka huku Strength ikipanda. Saa moja usiku watu wamerudi nyumbani, simu zote ziko kwenye intaneti, mnara unafanya kazi kwa wingi, taa na chaja zote zimewashwa. Hilo linalingana kabisa na saa anazopoteza picha.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi. Usiku, picha ikiwa imepotea, chomoa busta au itoe. Quality ikipanda, jibu umelipata. Ikibaki chini sawasawa, basi lawama iende kwa mahali pa antena. Kama bado mtu anaihitaji busta karibu na mnara, kuna kichujio cha LTE, yaani cha kuzuia hayo mawimbi ya 4G, kinachofungwa *kabla* ya busta, kati yake na antena. Kikifungwa baada yake hakisaidii, maana busta imeshajaa.

Kuhusu umeme wa busta: usiichomeke kwenye USB ya TV kama una namna nyingine, mara nyingi ina kelele na wakati mwingine haitoshi. Tumia chaja nzuri ya simu ya volti 5. Na kwenye ving'amuzi kuna chaguo la Antenna Power 5V. Liwashe tu kama antena ina busta inayopata umeme kupitia waya. Antena nyingine za kawaida, hasa za kitanzi, zinaunganisha waya wa kati na wa nje moja kwa moja, hivyo ukiwasha volti 5 king'amuzi kitaandika kuna shoti na kujizima upande huo.

---

MpangajiPipeline

Asanteni sana, hii ni elimu. Busta yangu ni ile ya kipande cha katikati, nimeona inatoka. Maswali mawili. Dirisha linaloelekea Limuru kwa dira halipo, la karibu zaidi ni la jikoni kwenye kibaraza ambalo linatazama kaskazini. Na grili zake ni za miraba. Grili inazuia?

---

WayaWaShaba

Inategemea umbo. Nondo zilizosimama wima peke yake, mawimbi yaliyolala yanapita bila shida kubwa. Nondo zilizolala zikiwa karibu karibu, chini ya nusu ya wimbi ambayo ni kama sentimita 25, zinayarudisha. Miraba ina nondo za pande zote mbili, hivyo mraba wa sentimita 10 au 12 unazuia sehemu kubwa. Haizibi kabisa, lakini kwa mtu aliye pembezoni inatosha kumwangusha. Antena isiguse grili wala isiwe chini ya sentimita 30 kutoka kwayo kwa ndani, kwani chuma kilicho karibu hubadilisha jinsi antena inavyofanya kazi.

Kibaraza ndiyo nafasi yako bora. Kiko nje ya ukuta na nje ya grili, na mwenye nyumba hawezi kulalamika kuhusu kitu kilicho ndani ya kibaraza chako, nyuma ya ukingo. Kutazama kaskazini si mbaya, Limuru inabaki upande wa kushoto unapotazama nje. Sogeza antena hadi mwisho wa kushoto wa kibaraza, juu iwezekanavyo. Kama hata hapo jengo limeziba, geuza antena ielekee jengo refu lililo mbali ambalo lenyewe linaiona Limuru. Mawimbi yaliyogonga ukuta wake na kurudi yanasomeka vizuri, kwani DVB-T2 imeundwa kuvumilia mwangwi. Kwa mtu wa ghorofa ya chini Pipeline, mara nyingi njia pekee ni hiyo ya mwangwi.

Tahadhari moja ambayo siitaji kwa mzaha: nyaya za umeme katika mitaa hii zinapita karibu sana na vibaraza. Usinyooshe antena wala kijiti cha chuma nje ya ukingo.

Kwa kibaraza, antena bapa huenda isikutoshe. Ama nunua antena ndogo ya nje ya UHF, ile yenye vijiti vifupi mfululizo, Luthuli Avenue zimejaa. Hata iliyotoka kwenye king'amuzi cha kulipia inafaa, antena haijui kampuni, inajua masafa tu. Ama utengeneze hii:

Vipande viwili vya bati la shaba au shaba nyeupe, kila kimoja sentimita 11.5 kwa urefu na 2.5 kwa upana. Vipange kwenye ubao mkavu au plastiki vikiwa kwenye mstari mmoja, mwanya wa sentimita 1 katikati. Jumla inakuwa sentimita 24. Upana wa bati ndio unaoiwezesha kufunika makundi yote ya stesheni. Ukitumia waya mwembamba itapendelea masafa machache. Chuna RG-6: waya wa kati uungane na kipande kimoja, wavu wa nje uungane na cha pili, kwenye ncha zinazotazamana. Piga solda. Ukitumia alumini haishiki solda, itabidi ufunge kwa skrubu na washa, na ikishika kutu baada ya muda ubora utashuka. Waya utoke katikati kwenda nyuma moja kwa moja, usiulaze sambamba na vipande.

Nyuma yake, sentimita 13, weka wavu wa waya wa kuku wenye matundu ya sentimita 2.5, ukubwa wa 50 kwa 40. Usiguse vipande wala waya wa kati. Wavu huo unafanya kazi mbili: unarudisha mbele mawimbi yaliyopita, na unaziba kelele zinazotoka ndani ya nyumba yako. Kwa Pipeline hii ya pili ina maana zaidi. Vipande viwe upande wa Limuru, wavu upande wa nyumba.

Mwisho wa waya, plagi. Nyingi zinaharibikia hapa. Hakikisha hakuna hata unywele mmoja wa wavu wa nje unaogusa waya wa kati. Shoti hapo haikuonyeshi chochote cha ajabu, inakupa tu Quality ya chini usiyoielewa. Plagi za plastiki za kusukuma hulegea, zile za F za kufunga kwa kuzungusha ni bora, na unaweka adapta kwenye TV. Kwa kibaraza, zungushia tepu kiunganishi na uache waya ujipinde chini kidogo kabla ya kuingia ndani, maji yadondokee hapo. Mvua yenyewe haipunguzi mawimbi haya kwa kiasi cha kuonekana. Yanayoharibu ni maji yaliyoingia kwenye kiunganishi.

---

Dada_wa_Rongai

Naomba kuuliza hapohapo. Nyumba ya mabati, Ongata Rongai, kuta na paa vyote mabati. Antena ya ndani inasoma sifuri kila mahali isipokuwa mlangoni. Kuna dawa?

---

FundiMasafa

Dada, nyumba ya mabati pande zote ni kopo la chuma kwa mawimbi. Mlangoni panashika kwa sababu ndiyo tundu. Hakuna antena ya ndani itakayokufaa, hata ya bei gani, na busta haina cha kukuza. Toa antena nje, na kwako ni rahisi kuliko Pipeline. Nguzo ya mbao au bomba la mita 3 pembeni mwa nyumba, antena ipite usawa wa paa kwa angalau nusu mita, waya wa RG-6 wa mita 10 uingie chini ya ukingo wa bati bila kukatwa na makali yake. Ufunike kwa kipande cha mpira. Kutoka Rongai, Limuru iko kama kilomita 34, nyuzi karibu 340, yaani kaskazini ukielekea magharibi kidogo tu. Ukielekeza kaskazini magharibi kama wa Embakasi utakosa kwa nyuzi 30. Nguzo ikiwa ya chuma, ifungwe na waya wa ardhi, na uchomoe antena kwenye TV ngurumo zikianza.

---

Sauti_ya_Umoja

Nimeelewa habari ya busta, asante kwa maelezo. Swali la mwisho upande wangu: TV mbili, sebuleni na chumbani, antena moja. Kigawanyaji kimoja kinatosha?

---

WayaWaShaba

Kinatosha kama akiba ipo. Pima hivi kabla ya kununua waya mrefu: funga kigawanyaji karibu na TV ya kwanza, TV ya pili bado, na usome Quality ya kundi lililo dhaifu zaidi. Umepoteza karibu desibeli 4 papo hapo. Ikiwa haijashuka sana, endelea. Ikiwa picha imeanza kukatika, hiyo ndiyo kesi ambayo busta ina haki: iwekwe kati ya antena na kigawanyaji, yenye ukuzaji mdogo wa desibeli 10 hadi 15, si zile zilizoandikwa 40.

Chagua kigawanyaji chenye njia mbili tu. Chenye njia nne kinapoteza zaidi ya 7 hata kama unatumia mbili. Njia ambayo haina TV iwekewe kizibo cha ohmu 75. Na kama busta iko kwenye antena na inapata umeme kupitia waya, njia moja ya kigawanyaji lazima iwe ya kupitisha umeme, kwa kawaida imewekewa alama, na king'amuzi kinachotoa volti 5 kifungwe upande huo. Kikizimwa, TV zote mbili zinakosa picha, kwa hivyo kifungwe kile ambacho hakizimwi ukutani.

Kuna wanaotoa waya wa picha kutoka king'amuzi kimoja kwenda TV ya pili. Inafanya kazi, ila zote mbili zitaonyesha stesheni ileile.

---

MpangajiPipeline

Nimetoa kipande cha busta na kupeleka antena hiyohiyo bapa kibarazani, kona ya kushoto, imelala, kwa waya wa RG-6 wa mita 8. Kundi la Citizen linasoma Quality 58, la KBC 71, Strength imeshuka hadi 55. Saa mbili na nusu usiku bado zinashika zote. Naandaa bati za shaba na waya wa kuku nione kama kundi la Citizen litapita 60.

---

FundiMasafa

Vizuri sana. Strength 55 yenye Quality 58 ni afya zaidi ya ile 90 ya kwanza. Ukifunga ya shaba, anza na umbali wa wavu sentimita 13, kisha ujaribu 11 na 15 huku ukitazama kundi la Citizen peke yake, kwa sababu KBC tayari ina akiba ya kutosha. Ukishabandika, futa orodha yote ya stesheni kabla ya kuskani upya. TV nyingine huhifadhi nakala ya zamani ya stesheni ileile na kukufungulia hiyo iliyo dhaifu.